Kosa la Cosmos Halikuwa Kuigusa Dini

Jumapili usiku, Machi 9, 2014, televisheni ya Fox ya Marekani ilianza kuonyesha vipindi 13 vya sayansi vilivyoitwa Cosmos: A Spacetime Odyssey. Msimulizi alikuwa Neil deGrasse Tyson, mwanafizikia wa anga na mkurugenzi wa Hayden Planetarium ya New York. Rais Barack Obama alirekodi maneno mafupi ya kufungulia kipindi cha kwanza, na Fox ikakirusha usiku uleule katika chaneli zake kumi kwa mpigo. Jina lilirithiwa kutoka kwa mfululizo wa Carl Sagan wa mwaka 1980. Mjane wake, Ann Druyan, ndiye aliyeandika huu mpya akiwa na Steven Soter. Wote wawili walikuwa wameandika na Sagan ule wa awali. Seth MacFarlane, mtu aliyejipatia jina kwa katuni za vichekesho, ndiye aliyeushawishi uongozi wa Fox ukubali.

Wiki haikwisha kabla ugomvi haujalipuka. Wapenzi wa sayansi walifurahi kuona saa nzima ya nyota na galaksi katika muda ambao kwa kawaida hutengewa tamthilia na michezo. Wakatoliki wengi, na pamoja nao wanahistoria wasio na dini yoyote ya kuitetea, walikasirishwa na hadithi ya Giordano Bruno. Wainjili wanaoamini kwamba dunia ina umri wa miaka elfu chache tu walidai kwamba imani yao imenyimwa nafasi. Miaka imepita, lakini Cosmos ikitajwa mbele ya watu wa dini bado utasikia malalamiko yaleyale, na ukiitaja mbele ya wapinzani wa dini utasikia utetezi uleule. Mimi nashikilia kwamba pande zote mbili ziligombania mahali pasipostahili. Mfululizo ulisemwa vibaya kwa mambo uliyoyafanya vizuri, na ukatetewa kwa bidii katika jambo moja uliloliharibu.

Jambo hilo ni Bruno. Kipindi cha kwanza kilimpa zaidi ya dakika kumi za katuni, muda ambao hakuna mwanasayansi yeyote aliyepewa usiku ule. Katika katuni hiyo Bruno ni mtawa kijana anayesoma kwa siri kitabu cha mshairi wa Kirumi Lucretius kilichopigwa marufuku. Halafu anaota. Anajikuta chini ya kuba la mbingu lililojaa nyota. Anashika ukingo wake, anauinua kama pazia, anapenya upande wa pili, na huko anakuta anga lisilo na mwisho. Anazunguka Ulaya akiieleza ndoto hiyo. Anatengwa na Kanisa Katoliki nchini kwao, anafukuzwa na Wakalvini wa Uswisi na Walutheri wa Ujerumani, anazomewa Oxford, na mwishowe anaishia mikononi mwa mahakama ya Kanisa ya kuchunguza imani. Mahakimu wamechorwa na nyuso za kutisha, vivuli virefu na sauti nzito. Mtoto wa miaka minane angewatambua wabaya wa hadithi hata kama sauti ya televisheni imezimwa.

Sehemu kubwa ya hayo ni kweli. Bruno alizaliwa Nola, karibu na Naples, mwaka 1548, akajiunga na shirika la Wadominiko, akakimbia, akaandika London mwaka 1584 kitabu juu ya ulimwengu usio na kikomo na dunia zake nyingi. Mwaka 1592 mwenyeji wake wa Venezia, Giovanni Mocenigo, alimsaliti kwa mahakama ya Kanisa. Mwaka uliofuata alipelekwa Roma, akafungwa kwa miaka, na Februari 17, 1600 alichomwa moto akiwa hai katika uwanja wa Campo de' Fiori. Hakuna udhuru wa tendo hilo. Mwaka 2000, katika kumbukumbu ya miaka 400, Vatikani yenyewe kupitia Kardinali Angelo Sodano ilionyesha masikitiko juu ya kifo chake.

Kilichopotoshwa ni sababu. Kumbukumbu kamili za kesi zimepotea, lakini muhtasari uliosalia unaonyesha orodha ndefu ya mashtaka: kwamba alikana Utatu Mtakatifu, kwamba alipinga uungu wa Kristo, kwamba hakukubali mkate wa Ekaristi hugeuka mwili, kwamba alitilia shaka ubikira wa Maria, kwamba alijishughulisha na uganga. Dunia nyingi zilikuwamo katika orodha hiyo, na wapo wanahistoria wanaoshikilia kwamba uzito wake ulikuwa mkubwa kuliko tunavyodhani. Hata hivyo Bruno hakuwa mwanasayansi. Hakupima kitu, hakukokotoa mzunguko wa sayari yoyote, wala hakuelekeza chombo chochote angani. Tyson mwenyewe alilikubali hilo mwishoni mwa simulizi, katika sentensi chache ambazo watazamaji wengi, wakiwa bado na picha ya moto machoni, hawakuzisikia.

Waliolalamika walikuwa na hoja nyingine nzito zaidi. Mwingereza Thomas Digges alichapisha mwaka 1576 maelezo ya ulimwengu wa Copernicus ambamo nyota zimetapakaa bila mwisho, na hakuna aliyemgusa. Nicholas wa Cusa aliandika mwaka 1440 juu ya ulimwengu usio na kitovu wala mpaka, na miaka michache baadaye akafanywa kardinali. Kwa hiyo anga lisilo na mwisho peke yake halikumpeleka mtu motoni. Corey Powell, mhariri na mwandishi wa sayansi, ndiye aliyelishikilia jambo la Digges, na Soter akamjibu kwamba Digges alibaki na mbingu ya kidini iliyokaa humohumo miongoni mwa nyota, ilhali Bruno ndiye aliyesema waziwazi kwamba nyota ni majua yenye dunia zake. Jibu la Soter lina ukweli. Lakini angalia ubishi umefika wapi: mfululizo ulioandaliwa ili kuwaeleza watu ulimwengu ulivyo umewaacha wabishane juu ya maandishi ya karne ya 16, na hakuna hata mmoja anayeuliza sasa tunajuaje kwamba nyota ni majua.

Hapo ndipo ninapoliona kosa. Uhodari wa mtu kufa kwa ajili ya wazo hauthibitishi kwamba wazo hilo ni la kweli. Watu wamekufa kishujaa kwa mawazo sahihi na kwa mawazo potofu, na moto haukutofautisha. Mtazamaji Mkristo au Mwislamu aliyekaa mbele ya televisheni usiku ule, akiwa na hamu ya kujifunza, alionyeshwa kwanza kwamba watu wa namna yake ndio waliomchoma shujaa wa hadithi. Kama akizima, tumlaumu? Na yule asiye na dini alipewa sababu ya kushangilia ambayo haina uhusiano wowote na ushahidi. Wote wawili waliondoka na hisia kali na maarifa yaleyale waliyokuja nayo.

Na jambo la kusikitisha zaidi ni kwamba hadithi ya Bruno, ikisomwa vizuri, inakwenda kinyume cha jinsi ilivyotumiwa. Bruno hakufika kwenye ulimwengu usio na mwisho kwa njia ya darubini. Alifika kwa kumfikiri Mungu: Mungu asiye na kikomo hawezi kuwa na uumbaji mdogo. Katuni yenyewe ilisema hivyo. Huyo ni mtu wa dini aliyeona imani ya wenzake ni finyu mno, akateswa na watu wa dini. Ni ugomvi wa ndani ya nyumba moja, na mfululizo ukauvika sare za vita kati ya sayansi na dini.

Tukiondoka kwa Bruno, malalamiko ya wale Wainjili hayanipi shida kuyakataa. Danny Faulkner, mwanafalaki wa shirika la Answers in Genesis la Kentucky, alilalamika redioni kwamba wanaoamini uumbaji wa siku sita hawapewi muda katika Cosmos. Tyson alikuwa amekwisha kusema kwa ufupi kwamba huwezi kuzungumzia umbo la dunia halafu ukawatafutia nafasi sawa wanaodai ni bapa. Wengi walioiona kauli hiyo kuwa ya kiburi walisahau kwamba nafasi ilikuwa imetolewa mwezi mmoja tu nyuma. Februari 4, 2014, Ken Ham, kiongozi wa shirika hilohilo, alikutana na mwalimu maarufu wa sayansi Bill Nye katika jumba lao la makumbusho la Petersburg, Kentucky, wakajadiliana mbele ya hadhira na kamera. Waliulizwa ni kitu gani kingewafanya wabadili mawazo. Nye alijibu kwamba ni ushahidi. Ham alijibu kwamba yeye ni Mkristo, na hakuna wa kumthibitishia kwamba neno la Mungu si kweli. Namheshimu Ham kwa unyoofu wa jibu hilo. Lakini jibu hilo linamaliza habari ya muda wa hewani, kwa kuwa mtu ambaye hakuna kiwezacho kumbadilisha hahitaji dakika za kupima hoja. Anahitaji mimbari, na mimbari anayo.

Si kundi dogo. Uchunguzi wa maoni wa Gallup wa mwaka uleule ulikuta asilimia 42 ya Wamarekani wakisema Mungu alimwumba binadamu katika umbo lake la sasa katika miaka elfu kumi hivi iliyopita. Kipindi cha televisheni kinachozungumza na taifa la namna hiyo hakina budi kuchagua maneno, na hakuna sababu ya kuficha matokeo.

Kituo kimoja kilionekana kana kwamba kinaficha hasa. Katika Oklahoma City, kituo kinachorusha matangazo ya Fox kilikatiza kipindi cha kwanza kwa sekunde 15 na kuweka tangazo la taarifa yake ya habari. Katika kipindi chote cha saa nzima, sekunde hizo ndizo zilizogusa asili ya binadamu. Kituo kilieleza kwamba ni makosa ya fundi mitambo. Iwe hivyo. Kinachonihusu mimi ni kile ambacho watazamaji wa Oklahoma hawakukiona. Tyson alikuwa akisimulia kalenda inayoubana umri wote wa ulimwengu katika mwaka mmoja, amefika jioni ya Desemba 31, na anaonyesha nyayo walizoacha wahenga wetu miaka milioni tatu na nusu iliyopita waliposimama kwa miguu miwili. Nyayo za umri huo zinazojulikana duniani ziko Laetoli, ndani ya Hifadhi ya Ngorongoro, Tanzania.

Nyayo hizo zilifukuliwa mwaka 1978 na kikosi cha mwanaakiolojia Mary Leakey. Majivu ya volkano yalikuwa yameanguka, mvua ikayalowesha, viumbe wakapita, kisha majivu mengine yakafunika. Njia yenyewe ina urefu wa mita 27 hivi. Kisigino kimezama, upinde wa unyayo upo, kidole gumba kimekaa sambamba na wenzake badala ya kwenda kando kama cha sokwe. Mtu aliyetembea pekupeku kwenye tope la shambani anaweza kuusoma ushahidi huo mwenyewe. Mwaka 2016 Fidelis Masao, Elgidius Ichumbaki wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam na wenzao walitangaza nyayo nyingine zilizopatikana umbali wa mita 150 hivi kutoka zile za kwanza.

Kuna jambo moja la Laetoli ambalo ningetamani watengenezaji wa Cosmos wangelijua. Miaka ya 1990 mizizi ya miti ya migunga ilitishia kuzivunja nyayo, na Serikali ya Tanzania ikashirikiana na Taasisi ya Getty ya Marekani kuzisafisha na kuzifukia upya kwa usalama. Wataalamu walielewa kwamba tabaka za mchanga na mawe hazitoshi bila wenyeji. Kiongozi wa dini ya jadi wa Wamaasai wa eneo hilo, loiboni, alishirikishwa, watu wakakusanyika, ibada ikafanyika, kondoo akachinjwa, na mahali pale pakawekwa chini ya heshima ya jamii. Hivyo ushahidi mkuu kabisa wa mageuko ya binadamu ulilindwa kwa ibada. Hakuna aliyeulizwa kwanza aache imani yake, wala hakuna aliyeficha umri wa nyayo. Hadithi hiyo ingefaa dakika kumi kuliko Bruno.

Lakini tusijione sisi wa Afrika Mashariki tuko salama na ugomvi huo. Mwaka 2006, wakati Makumbusho ya Taifa ya Nairobi yakifanyiwa ukarabati, Askofu Boniface Adoyo aliongoza kampeni ya kutaka visukuku vya binadamu wa kale visipewe nafasi ya mbele, hasa mifupa ya Mvulana wa Turkana aliyepatikana Nariokotome mwaka 1984 na kikosi ambamo Kamoya Kimeu ndiye aliyeona kipande cha kwanza. Mtafiti wa visukuku Richard Leakey alimjibu kwa ukali. Makumbusho yalifunguliwa tena mwaka 2008 na visukuku vikabaki mahali pake. Mifupa ilishinda, jambo lililo jema, ila ukisoma upya majibizano yale utakuta tena watu wakipimana vyeo na heshima, na maneno machache mno juu ya namna umri wa mfupa unavyopimwa.

Na kupima umri ndiko kulikokuwa nguvu ya Cosmos yenyewe, katika vipindi ambavyo havikupata kelele nyingi. Kipindi cha nne kilieleza kwamba mwanga unasafiri kwa mwendo maalumu, kwa hiyo kutazama mbali ni kutazama zamani. Nebula ya Kaa iko umbali wa miaka 6,500 hivi ya mwanga. Kama ulimwengu ungekuwa na umri huo tu, mwanga wa vitu vilivyo mbali zaidi usingekuwa umetufikia bado, na galaksi ya Andromeda, iliyo umbali wa miaka milioni mbili na nusu ya mwanga, isingeonekana. Lakini inaonekana, tena bila darubini, ukiwa kijijini usiku usio na mwezi. Hoja ya namna hiyo haimtukani mtu. Inampa kitu cha kwenda kukitazama.

Kipindi cha saba ndicho ninachokiona bora kuliko vyote. Kinamleta Askofu Mkuu James Ussher wa Ireland, aliyehesabu miaka ya mababu na wafalme katika Biblia na kupata kwamba uumbaji ulitokea Oktoba ya mwaka 4004 kabla ya Kristo. Ussher hakuwa mjinga. Alitumia kumbukumbu aliyoiamini kuliko zote na akaikokotoa kwa bidii ya ajabu. Kinamleta pia Clair Patterson, mkemia kutoka Iowa, aliyetaka kujua umri wa dunia kwa njia ya urani, ambayo hugeuka kuwa risasi polepole kwa kasi inayojulikana. Kila alipopima risasi iliyomo katika sampuli alikuta imezidi kiasi. Ilitoka wapi? Ilikuwa mezani, hewani, kwenye nywele zake, kwenye vyombo. Ikambidi ajenge chumba kisicho na chembe ya vumbi, asugue sakafu, achemshe vifaa kwa tindikali, miaka ikapita. Hatimaye alipima vipande vya kimondo kilichoanguka Arizona, na mwaka 1956 akachapisha jibu: miaka bilioni 4.55. Hesabu hiyo haijabadilika sana tangu hapo.

Risasi iliyomsumbua ilitoka, kwa sehemu kubwa, katika petroli. Patterson akaacha umri wa dunia akaanza kupigana na kampuni za mafuta, akipima maji ya bahari na barafu ya ncha za dunia, mpaka sheria zikabadilika. Vita hivyo vilifika kwetu pia: nchi za Afrika kusini mwa Sahara ziliachana na petroli yenye risasi kufikia mwanzo wa mwaka 2006. Anayesema umri wa dunia ni suala la imani tu na haliwahusu watu wa kawaida, azingatie kwamba uangalifu uleule uliotupa ile namba ndio ulioondoa sumu katika hewa wanayovuta watoto wa Kariakoo na Gikomba.

Katika kipindi cha tano mfululizo ulimwonyesha Ibn al-Haytham, aliyezaliwa Basra karibu mwaka 965 na kufanya kazi Kairo. Akiwa na chumba cha giza chenye tundu dogo, alithibitisha kwamba mwanga husafiri kwa mistari iliyonyooka na kwamba tunaona kwa mwanga unaoingia jichoni, si unaotoka. Aliandika pia kwamba anayetafuta ukweli asiridhike na maneno ya wakubwa waliotangulia, bali ayatilie shaka na kuyapima. Kwa msomaji wa Mombasa, Lamu au Unguja, ambako falaki imefundishwa kwa vizazi kwa ajili ya kibla na nyakati za sala, Ibn al-Haytham si mgeni. Alikuwa Mwislamu aliyefanya sayansi bila kuomba ruhusa ya kuacha dini. Watazamaji waliokasirishwa na kipindi cha kwanza wakahama chaneli hawakumwona, na hiyo ndiyo hasara halisi ya zile dakika kumi za mwanzo.

Kanisa lililomchoma Bruno nalo limesogea. Georges Lemaître, padri wa Ubelgiji, ndiye aliyeandika mwaka 1927 kwamba ulimwengu unatanuka, na Oktoba 2014 Papa Fransisko aliiambia Akademia ya Sayansi ya Kipapa kwamba mageuko hayapingani na dhana ya uumbaji. Mtu anaweza kukubaliana naye au asikubaliane. Lakini kipindi kinachodai kueleza sayansi na dini hakiwezi kuishia mwaka 1600.

Cosmos ilipata tuzo ya Peabody, na kwa jumla iliistahili. Hukumu yangu ni kwamba ilikuwa kazi kubwa iliyochagua mlango mbaya wa kuingilia. Nawaomba watayarishaji wa vipindi wa Dar es Salaam, Nairobi na Kigali wasiurudie uchaguzi huo watakapotengeneza vya kwetu. Acheni mashahidi wa moto. Mleteni mtu aliyeshika burashi katika bonde la Olduvai, Tanzania, mwonyesheni akipima, akikosea, akipima tena, na mpeni mtazamaji muda wa kuona kila hatua. Nawe mtazamaji, uwe wa msikitini, wa kanisani au usiwe wa popote, kipindi kikikwambia kitu kina umri wa miaka milioni kadhaa, kidai kikuonyeshe ulivyopimwa, na kisipokuonyesha, waandikie waliokirusha uwaulize.